Mrejesho: maji ya gesi kwenye kegi (pipa dogo la chuma la vinywaji), hapa Goma

Wakubwa, niliuliza kwa nini kegi yangu inatoa povu tupu na maji yakifika kwenye glasi hayana gesi. Aliyesema nirefushe mpira wa kutolea maji alipiga penyewe! Sasa ni mwembamba, mita kadhaa, nimeuviringisha juu ya kegi ndani ya frigo. Maji nayapoza kwanza hadi nyuzi 4 hivi, natoa hewa iliyobaki juu, kisha nafungulia kaboni dioksidi kwa presha ya bar 2 na kutikisa kegi mpaka nisisikie tena gesi ikipita. Umeme ukikatika (mnaijua Goma), kazi inalala, maana maji ya vuguvugu hayashiki gesi. Sabuni niliyopaka mfunikoni kutafuta gesi inapovuja ilifanya kiputo kimoja, kikakua polepole, nikabadilisha raba ya mfuniko. Watoto wanaweka limau, soda wameisahau.