Kuvu za ndani ya nyasi pori: majani hayaoti kitu, mizizi inatoa ukungu wa kijani tu

Bua_Kavu

Wakuu, naomba mwongozo. Lengo ni kulinganisha kuvu zinazoishi ndani ya nyasi pori tatu za nyanda za joto: ukoka (Cynodon dactylon), Themeda triandra na Brachiaria ya porini. Sampuli ni jani, shina na mzizi. Utaratibu uliotumika: vipande vya milimita 5, ethanoli 70% dakika 1, jiki bila kuchanganya na maji dakika 10, kusuuza mara moja kwa maji yaliyochemshwa, kisha sahani za PDA (agari ya viazi na sukari, chakula cha kuoteshea kuvu) yenye kloramfenikoli, dawa ya kuzuia bakteria.

Hali baada ya wiki moja:
- majani: vipande vimekuwa vyeupe kama karatasi, hakuna kilichoota
- mizizi: ukungu wa kijani tangu siku ya pili, sahani zote
- mashina: kuvu ya jenasi Fusarium na kitu cheusi kinachofanana na Curvularia, jenasi nyingine ya kuvu

Kosa liko wapi? Epichloë, kuvu maarufu ya ndani ya nyasi, inapatikana kwenye nyasi hizi? Na hiyo Fusarium ihesabiwe mshirika au ugonjwa?

Uzi_wa_Buluu

Mkuu, una makosa mawili yanayovutana. Majani umeyatakasa kupita kiasi, mizizi hukuitakasa vya kutosha.

Tuanze na majani. Umekata kwanza ndipo ukatakasa. Kipande cha milimita 5 kina majeraha mawili yaliyo wazi, na jiki inaingia kupitia humo hadi katikati. Dakika 10 za jiki kali zinaua cha nje na cha ndani. Ule weupe ndio ushahidi: jiki ikishafuta rangi ya kijani hadi katikati ya jani, usitegemee uzi wa kuvu kubaki hai mle.

Geuza mpangilio. Kata kipande kirefu, sentimita 3 hadi 4. Kioshe kwa maji ya bomba yanayotiririka dakika 10, mzizi uoshe hadi 20 na matone mawili ya Tween 20 (sabuni laini ya maabara), kwa sababu udongo unajificha kwenye nywele za mizizi na jiki haiufikii. Kisha ethanoli 70% sekunde 30 hadi 60, sodiamu haipokloraiti (kiini cha jiki) 2% dakika 2 kwa jani na 3 hadi 5 kwa shina na mzizi, ethanoli tena sekunde 30, halafu suuza mara tatu kwa maji yaliyopita kwenye otoklevu, chombo cha kutakasa kwa mvuke wenye shinikizo (121 °C, dakika 20). Kausha kwa karatasi ya chujio iliyotakaswa. Hapo sasa ndipo utumie wembe: tupa milimita 5 za kila ncha, hizo zimeshaunguzwa, ubaki na sehemu ya kati uikate vipande vya milimita 5.

Soma lebo ya jiki. Ikiwa ni 3.5%, ili upate mililita 100 za 2% changanya mililita 57 za jiki na 43 za maji. Changanya siku hiyohiyo. Chupa iliyokaa dirishani miezi kadhaa imepoteza nguvu, na ukitumia hesabu ya lebo utakuwa unajidanganya.

Mizizi: ukungu wa kijani siku ya pili ni Penicillium, Aspergillus au Trichoderma. Maji yaliyochemshwa jikoni yakapoa kwenye chombo kisichofunikwa yameshapokea spora za hewani. Ila usihukumu kwa rangi, weka sahani tatu za ushahidi kila siku ya kazi. Ya kwanza, bonyeza kipande kilichotakaswa juu ya PDA sekunde 30 kisha kiondoe. Ya pili, sambaza mikrolita 100 za maji ya kusuuzia ya mwisho. Ya tatu, iache wazi mezani kwa muda uleule unaopanga vipande. Ikiota ya kwanza au ya pili, utakaso umeshindwa, matokeo ya siku hiyo tupa. Ikiota ya tatu peke yake, tatizo ni hewa: zima feni, funga dirisha, fanya kazi karibu na mwali.

Tazama pia uzi unatokea wapi. Siku ya tatu geuza sahani, angalia kwa chini kwa lenzi ya mkono. Endofaiti, yaani kuvu inayoishi ndani ya mmea, huchomoza kwenye ncha iliyokatwa, kama ndevu mdomoni mwa bomba. Ukungu wa nje huanzia ubavuni, au hata pembeni kabisa pasipo na kipande. Hamisha ncha za uzi mara unapoziona, usisubiri sahani ijae.

Na punguza chakula. PDA kamili ni gramu 39 kwa lita, kuvu zinazoota kwa mbio ndizo zinazoshangilia. Tumia nusu, gramu 19.5, uongeze agari gramu 7.5 isije ikawa uji. Weka 25 °C, na usitupe sahani kabla ya wiki 4. Ukisimamia wiki moja, umehesabu wakimbiaji tu.

Ala_ya_Jani

Kuhusu Epichloë: kwenye ukoka, Themeda na Brachiaria usipoteze muda. Jenasi hiyo imefungamana na nyasi za baridi, nusufamilia ya Pooideae: Festuca, Lolium, Poa, Melica na jamaa zao. Zako zote tatu ni za joto. Afrika Mashariki Pooideae wa asili utawakuta hasa juu milimani, kwa mfano Festuca za Mlima Kenya na Kilimanjaro. Barani kwetu mfano uliothibitishwa vizuri ni Melica decumbens wa Afrika Kusini, nyasi inayolevya mifugo hadi jina lake la Kiafrikana ni dronkgras.

Na hata ukienda mlimani, usianze na sahani. Epichloë inaota polepole, mara nyingi wiki 2 hadi 4 ndipo uone pamba nyeupe, na Fusarium moja inaifunika. Anza na hadubini. Chukua ala ya jani la chini lililo hai, ile sehemu inayokumbatia shina. Chuna utando wa ndani kwa kibano, ulaze kwenye slaidi, dondoshea anilini buluu 0.1% ndani ya asidi ya laktiki, pasha juu ya mwali sekunde chache bila kuchemsha, funika, tazama kwa ukuzaji wa mara 400. Unachotafuta ni uzi mwembamba wa buluu uliopita kati ya seli, sambamba nazo, hauna matawi au unayo machache sana, mara nyingine umepindapinda kidogo. Ukiona uzi unakatiza seli na kuchanua matawi, huyo ni mwingine.

Mbegu nazo: loweka usiku kucha kwenye sodiamu haidroksaidi 5%, suuza, toa maganda, ponda kwenye rangi hiyohiyo. Ila kuona uzi kwenye mbegu hakuthibitishi kwamba uko hai. Ghalani kwenye joto kuvu hufa mapema kuliko mbegu yenyewe, kwa hiyo otesha miche uipime ala zake.

Kwenye Brachiaria kuna kitu kingine cha kufuatilia: kuvu iitwayo Acremonium implicatum. Watafiti wa CIAT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo cha tropiki kule Colombia, waliitenga ndani ya nyasi hiyo na wakaonyesha kwamba hurithiwa kupitia mbegu. Kwa kuwa Brachiaria asili yake ni Afrika, hata aina ya Basilisk ilitokana na mbegu za Uganda, kuitafuta kwenye nyasi za porini huku kwetu kuna mantiki kuliko kuiwinda Epichloë.

Sahani_Tupu

Naongeza la mizizi, maana wengi wanalisahau. Mikoriza ya arbaskula, kuvu inayoshirikiana na mizizi ndani ya seli zake, haioti kwenye PDA hata ungoje mwaka. Haiwezi kuishi bila mzizi hai. Ukiripoti "kuvu za mizizini" kwa sahani peke yake, umeliacha nje kundi kubwa la washirika. Pasha mizizi kwenye KOH (potasiamu haidroksaidi) 10% kwa 90 °C, dakika 30 hadi 60 kwa mizizi myembamba, suuza, HCl (asidi ya haidrokloriki) 1% dakika 5, kisha rangi ya tripani buluu 0.05%. Hesabu makutano 100 ya mizizi na mstari wa hadubini kwa kila sampuli, uone mangapi yana kuvu. Nyuzi nyeusi zenye vikuta hazihitaji rangi, zile ni endofaiti nyeusi za mizizini, zihesabu pembeni.

Jambo la pili ni sampuli. Ukoka hutambaa. Mashina mawili yaliyoachana mita moja yanaweza kuwa mmea mmoja, nawe ukaandika mimea kumi kumbe ni mmoja. Achanisha mita 10 au zaidi. Beba kwenye mifuko ya karatasi ndani ya kisanduku cha baridi, si plastiki inayotoa jasho, na utakase ndani ya saa 24, zikizidi sana 48.

Hesabu ya vifaa: mimea 10, viungo 3, vipande 10 kila kiungo, ni vipande 300 kwa spishi moja. Ukiweka vitano kwa sahani ni sahani 60, kwa mililita 20 kila moja ni lita 1.2 za agari, bado zile za ushahidi. Zidisha kwa nyasi tatu kabla hujaahidi tarehe.

Vinasaba, yaani kutambua kuvu kwa DNA: kuzalisha kipande cha ITS kwa PCR, praima (vipande vya kuanzishia) ITS1F na ITS4, 55 °C, mizunguko 35, kipande cha takriban besi 600 hadi 700. ITS inakupa jenasi. Kwa Fusarium isome pia jeni ya TEF1, kwa Curvularia jeni ya GAPDH, kwa Aspergillus jeni ya kalmodulini. Kuandika jina la spishi kwa sababu hifadhidata imesema inafanana 99% kwenye ITS ni kosa ninaloliona kwenye tasnifu nyingi mno.

Uzi_wa_Buluu

Suala la Fusarium: jina halisemi kazi. Curvularia protuberata iko kwenye jenasi yenye magonjwa kibao ya nafaka, lakini kwenye udongo wa moto wa Yellowstone, Marekani, ndiyo inayoiwezesha nyasi Dichanthelium lanuginosum kuhimili hadi 65 °C. Mwaka 2007 ikaonyeshwa kwamba hata kuvu peke yake haitoshi: ndani yake lazima kuwe na kirusi. Ukiondoa kirusi, ustahimilivu unaondoka.

Kwa hiyo pima. Miche isiyo na kuvu, angalau 15 kwa kila koloni, spora 10⁵ kwa mililita, na 15 mingine ipakwe spora hizohizo zilizouawa kwa otoklevu. Ngoja wiki 4, pima uzito mkavu, kisha itenge upya kuvu kutoka ndani. Isiporudi, huna ushahidi kwamba iliwahi kuingia.

Bua_Kavu

Shukrani wakuu. Moja la mwisho: mizizi ya Themeda ni migumu na ina magamba. Jiki 2% dakika 3 au 5?

Ala_ya_Jani

Usichague kwa kukisia. Vipande 20 kwa kila muda: dakika 1, 2, 3, 5 na 8, kila kipande kibonyezwe kwenye sahani yake kabla ya kupandwa. Muda mfupi kuliko yote ambao alama zake hazikuota chochote, huo ndio wako. Urudie upya kwa jani na shina, na kila unapofungua chupa mpya ya jiki.