Mbona hakimu asiogope kura kama MCA, diwani wetu? Wifi yangu wa Houston amenitia mawazo

MamaMasweta (Umoja)

Hamjambo nyote. Mimi hufuma masweta ya shule kwa mashine hapa Umoja. Januari 2020 nilipeleka masweta 280 kwa shule moja ya kibinafsi, shilingi 1,200 kila moja. Nikalipwa nusu. Nusu ya pili, shilingi 168,000, ndiyo imenifanya niijue njia ya mahakamani kuliko ya kanisani.

Hakimu wa kwanza alihamishwa. Wa pili akaenda likizo ya kujifungua, heri yake. Huyu wa tatu ndiye aliyenileta hapa. Kesi huandikwa saa tatu, yeye huingia saa tano. Jina langu likiitwa, tarehe nyingine. Mwezi jana wakili wangu aliuliza sababu, akaambiwa aketi, hapa si soko la Gikomba. Naijua Gikomba. Huko ukifika saa tano, mwenzako ameshauza na kuhesabu.

Jioni nikampigia wifi yangu anayeishi Houston, nimlilie kidogo. Akaniambia kwao Texas, Novemba 2024, alianza kupiga kura ya Rais akateremka, akateremka, majaji tu, mpaka vidole vikamchoka. Hata yule hakimu mdogo wa mtaa, anayesikiza kesi za kodi ya nyumba na madeni na kufungisha ndoa, anachaguliwa kwa miaka minne. Na si lazima awe amesomea sheria!

Sasa nauliza. MCA akilala tunamtoa. Hakimu akilala je? Si afadhali naye apitie debeni?

BodaWaJogooRoad

Mama, pole kwa deni. Lakini niambie ukweli: 2022 ulipewa karatasi sita, ulimjua kila uliyemwekea alama? Mimi nilipiga suti. Juu mpaka chini, chama kimoja, nikatoka kutafuta abiria.

Ukiniongezea karatasi ya saba ya hakimu nitampigia wa chama changu. Atakuja mtaani na unga, leso na fulana. Na fulana zake zitalipwa na nani? Mwenye shule yako.

WakiliMdogo

Boda umeniwahi. Huko Texas nako kulikuwa na suti rasmi: alama moja tu juu ya karatasi, na wagombea wote wa chama hicho wamepata kura yako, majaji wakiwemo. Waliiondoa kuanzia uchaguzi wa 2020. Kabla ya hapo jaji mzuri angeweza kusombwa na maji kwa sababu mgombea wa juu wa chama chake hakupendwa mwaka huo.

Na hayo ya fulana yalitokea West Virginia. 2004, Don Blankenship, mkuu wa kampuni ya makaa ya mawe ya Massey, alimwaga takriban dola milioni 3 kumsaidia Brent Benjamin aingie mahakama ya juu kabisa ya jimbo. Wakati huo kampuni yake imeshahukumiwa kulipa dola milioni 50 na inajiandaa kukata rufaa mahakama hiyohiyo. Benjamin akashinda, akakataa kujitoa kwenye kesi, kampuni ikashinda kwa kura 3 dhidi ya 2. Mpaka 2009 ndipo Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema alipaswa kukaa kando, na hata huko majaji walikuwa 5 kwa 4.

Harambee nayo ina mipaka. Lanell Williams-Yulee aligombea ujaji wa kaunti kule Florida, akatia sahihi barua ya kuomba mchango. Sheria ya maadili ya huko inasema mgombea ujaji asinyooshe mkono mwenyewe. Kamati yake ndiyo iombe. Uchaguzi akashindwa, kisha akakaripiwa hadharani na kutozwa gharama za dola 1,860. Alikata rufaa mpaka juu kabisa, akashindwa 2015.

Kwa kesi yako: leo ungeifungua Mahakama ya Madai Madogo, maana ni chini ya shilingi milioni moja, na sheria inataka imalizwe kwa siku 60. Bahati mbaya faili lako lilitangulia. Mahakama hiyo ilianza 2021.

KaraniMstaafu (Ruai)

Mama Masweta, pole sana mwanangu. Nilikuwa karani wa mahakama miaka 29. Nilianza na taipureta, nikamaliza na kompyuta inayozimika. Sasa nafuga kuku Ruai na kusoma hukumu za nchi za watu. Mama watoto anasema nina kichaa cha makaratasi.

Vijana wamesema vizuri, lakini mnalichanganya jambo. Kura na nidhamu ni mafaili mawili. Hayakai rafu moja, na mara nyingi hayasemi kitu kimoja.

Chukueni Roy Moore wa Alabama. 1982 aligombea ujaji katika kaunti ya Etowah, akaanguka vibaya. Akaondoka zake, akajifunza ngumi za mateke Texas, akaenda Australia kuchunga ng'ombe. (Sitanii, ni historia yake.) Akarudi nyumbani. 1992 aliteuliwa kujaza kiti cha jaji kilichobaki wazi, 1994 akakitetea kwa kura. Akatundika ukutani mwa mahakama yake ubao wa Amri Kumi. Akashtakiwa, na kushtakiwa kukamjenga jina. 2000 wakamchagua Jaji Mkuu wa jimbo zima.

Ubao sasa ukawa mdogo. 2001 akaingiza jiwe la matale la zaidi ya tani mbili ndani ya jengo la mahakama. Jaji wa serikali kuu akaamuru litolewe, Moore akagoma. Novemba 2003 mahakama ya nidhamu ya majaji ikamvua cheo. Someni hapo polepole: hakuvuliwa kwa kuamini Mungu. Alivuliwa kwa sababu jaji anayewaambia watu watii amri za mahakama alikataa kutii amri ya mahakama.

Mnadhani aliishia hapo? 2012 wapiga kura walimrudisha kiti kilekile. 2016 akasimamishwa tena bila mshahara kwa muda wote uliobaki, safari hii kwa maagizo aliyowapa majaji wa chini kuhusu ndoa za jinsia moja. Nidhamu inatoa, debe linarudisha, nidhamu inatoa tena. Kama faili linalozunguka ofisi mbili na kila moja inasema si langu.

Sasa geuza shati. California, kaunti ya Santa Clara, jaji Aaron Persky. Juni 2016 alimfunga mwanafunzi mmoja wa Stanford, mwogeleaji, miezi sita kwa kosa la kumdhulumu kingono msichana aliyekuwa hana fahamu. Nchi ikawaka. Siku chache tu baada ya hukumu hiyo uchaguzi wake ulifika, na hakuwa na mpinzani, akapita. Malalamiko yakapelekwa kwa tume ya nidhamu ya majaji. Desemba ikasema haikuona utovu wa maadili. Kifungo alichotoa kilikuwa ndani ya sheria. Wananchi hawakutosheka. Wakakusanya sahihi, na Juni 2018 wakamng'oa kwa kura. Haikuwa imetokea California tangu 1932.

Wengi watasema alistahili, na mimi kama baba wa mabinti wawili sitabishana sana. Lakini ningekuwa bado kaunta, ningejiuliza hakimu wa kesho ataandika nini akiwa na mshtakiwa maskini mbele yake na kamera nyuma.

Na nidhamu nayo si malaika. Luzerne, Pennsylvania, majaji wawili wa kuchaguliwa, Mark Ciavarella na Michael Conahan, walichukua zaidi ya dola milioni 2 kutoka kwa watu wa jela za watoto za kibinafsi. Ciavarella alikuwa akipeleka watoto ndani kwa mambo ya kuchapwa kofi nyumbani. Bodi ya nidhamu ya jimbo ililetewa malalamiko kuhusu Conahan 2006, ikayakalia. Waliowakamata ni wapelelezi wa serikali kuu. 2011 Ciavarella akapata miaka 28. Na Ciavarella alikuwa ameshapitishwa na wananchi mara mbili: kuchaguliwa miaka ya tisini, kisha ile kura ya ndiyo au hapana ya baada ya miaka kumi.

Nirudi kwetu. 2003 nilikuwa chumba cha mafaili wakati wa ile waliyoiita operesheni, ripoti ya Jaji Ringera kuhusu rushwa mahakamani. Majaji 23, mahakimu 82, majina gazetini. Asubuhi hiyo kituoni kwetu hakuna aliyemsalimia mwenzake. Kulikuwa na hakimu aliyeacha miwani mezani, ilikaa kwenye droo yangu mwaka mzima. Wengi walijiuzulu. Jaji Philip Waki alikataa, akakabili jopo, akasafishwa, akarudi kazini, na 2008 ndiye aliyeongoza tume ya kuchunguza ghasia za uchaguzi. Hata ufagio huo uliokota mtu asiye takataka.

Na msiseme kwetu wakubwa hawaguswi. Nancy Baraza alikuwa Naibu Jaji Mkuu. Mkesha wa mwaka mpya, Desemba 2011, akakosana na mlinzi wa kike pale Village Market, mambo ya kukaguliwa mlangoni. Agosti 2012 jopo lilipendekeza aondolewe, Oktoba akajiuzulu. Mlinzi wa geti! Siku hizo askari wa maduka hapa Nairobi walitembea wamenyoosha mabega.

Mama, sasa yako. Hakimu wako hayuko chini ya Rais wala ya MCA. Yuko chini ya Tume ya Huduma za Mahakama, Katiba kifungu cha 172. Kabla ya tume, kuna ofisi ya mahakama inayopokea malalamiko ya wananchi, na huhitaji wakili kwenda huko. Ila usiandike "hakimu ni mbaya". Barua kama hizo nilizipokea kwa magunia. Andika nambari ya kesi, kila tarehe, saa aliyoingia, na nani aliomba iahirishwe. Lipia nakala ya mwenendo wa kesi, yote yameandikwa humo. Na usilalamikie uamuzi. Uamuzi usioupenda dawa yake ni rufaa. Mdomo mchafu, kuchelewa na mkono mrefu ndivyo vya nidhamu.

WakiliMdogo

Mzee, shikamoo. Nyongeza ndogo: kura ipo hata kwetu, ila si ya mwananchi. Ndani ya tume hiyo mawakili huchagua wawili wao, mwanamke na mwanamume, na majaji na mahakimu nao hupeleka wao kwa kura. Na kampeni zake, msiulize. Wiki mbili simu yangu haikulala.

BodaWaJogooRoad

Kumbe hata nyinyi mna unga na leso?

WakiliMdogo

Sisi ni chakula cha mchana hotelini.

MamaMasweta (Umoja)

Mzee Karani, shikamoo. Nimefanya ulivyosema. Nililipia nakala, nikakaa na daftari la masweta jana usiku, taa ikizimika nikawasha simu. Kesi imeahirishwa mara 14. Mara nne hakimu hakuwepo au alichelewa mpaka muda ukaisha. Mbili faili halikuonekana. Tatu ni upande wa shule.

Tano zilizobaki ni wakili wangu mwenyewe aliyeomba. Moja ameandika eti mimi ni mgonjwa. Siku hiyo nilikuwa nimeketi benchi ya nyuma, nimevaa kitenge cha bluu.

Naomba kuuliza, ya wakili hupelekwa wapi?

KaraniMstaafu (Ruai)

Marahaba. Tume ya Malalamishi dhidi ya Mawakili. Lakini kwanza nenda ofisini kwake na hilo daftari, uliweke mezani, unyamaze.

BodaWaJogooRoad

Mama sema siku. Nitakupeleka, na nitangoja nje.