Android, iOS au mfumo wa tatu: msanidi wa peke yake aanzie wapi?

Mwanagenzi:
Wakuu, nina wazo la programu ya kutunza hesabu za biashara ndogo. Nguvu zangu zinatosha mfumo mmoja tu kwa kuanzia. Android ina watu wengi, iOS inasemekana watu wake wanalipa, na sasa HarmonyOS, mfumo wa Huawei, nayo inawaita wasanidi. Nichague upi? Tafadhali msinijibu "inategemea".

FundiKodi:
Inategemea.
Natania, mkuu. Tazama kiingilio kwanza. Google Play unalipa dola 25 mara moja, basi. Apple ni dola 99 kila mwaka, na ukiacha kulipa programu yako inaondoka dukani. Tena Xcode, zana ya kutengenezea programu za iOS, haifunguki ila kwenye Mac, kompyuta za Apple, wakati Android Studio, zana ya upande wa Android, inakubali Windows, Linux na Mac. Kwa mtu ambaye hajapata mteja hata mmoja, mimi naona jibu lipo hapo hapo.

Nahodha_wa_Swift:
Kiingilio ndicho kinachowapoteza wengi. Android imeshika takriban asilimia 70 ya simu janja duniani, lakini App Store ndiyo inayoingiza fedha nyingi kuliko Google Play, mwaka baada ya mwaka. Wewe unauza programu ya kulipia kila mwezi, kwa hiyo wafuate wanaolipa. Halafu uje uone Android ilivyo: skrini za kila ukubwa, matoleo ya zamani bado yako mikononi mwa watu, na baadhi ya simu zinaua kazi za chinichini ili kuokoa betri. Utakesha ukisaka hitilafu ambayo kwenye simu yako haionekani.

FundiKodi:
@Nahodha hapo kwenye betri sibishi. Ila asitishwe na yale makato ya asilimia 30 ambayo maduka haya yanajulikana kuyakata kwenye mauzo. Tangu 2021 Apple inawakata asilimia 15 wasanidi wadogo wanaojiunga na mpango wake, wale wasiofikisha dola milioni moja kwa mwaka, na Google inakata hiyo hiyo 15 kwenye milioni ya kwanza. Upande huo wako sare.

Bi_Kumbukumbu:
Nijibu la mfumo wa tatu, maana wengi humu hamkuwapo wakati ule.

Windows Phone ilitoka 2010, nyepesi na nzuri kutazama. Watu walipokosa programu, Microsoft ikatoa pesa: mwaka 2013 ilikuwa na ofa ya dola 100 kwa kila programu iliyokubaliwa. BlackBerry nayo, kwa ajili ya mfumo wake wa BlackBerry 10, iliahidi kufidia programu zilizofuzu ili mapato ya mwaka wa kwanza yafike dola 10,000. Duka likajaa tochi na vikokotoo. Programu ambazo mtu hawezi kukaa bila hizo hazikununulika kwa bei hiyo. Mwaka huo huo wa 2013 Google iliifungia programu ya YouTube ambayo Microsoft ilikuwa imejitengenezea. Kufikia mwanzoni mwa 2020 Windows kwenye simu ilikuwa imefungiwa virago. Firefox OS ilianza 2013, na mwisho wa 2015 Mozilla ikatangaza kuachana na simu.

BlackBerry 10 ilikosea jambo jingine ambalo halisemwi sana: iliweza kuendesha programu za Android. Mtumiaji alifurahi, lakini msanidi akajiuliza, ya nini niandike upya? Ndiyo maana hatua ya Huawei inanivutia. HarmonyOS za mwanzo ziliendesha programu za Android. HarmonyOS NEXT ya 2024 imekata kamba hiyo. Unataka kuwamo, unaandika upya kwa ArkTS, lugha ya mfumo huo. Inawezekana kwao kwa sababu soko la China ni kubwa na Google Play haipo huko. Kama wateja wako hawako China, @Mwanagenzi, uache kwa sasa.

Kipepeo_Dart:
Mbona hakuna aliyetaja Flutter, zana ya kutengeneza programu ya Android na iOS kwa msimbo mmoja? Unaandika mara moja, unatoa kote.

Nahodha_wa_Swift:
Unaandika mara moja, unarekebisha mara mbili. Na Mac bado utaihitaji kwa toleo la iOS, hata kama ni ya kukodi mtandaoni.

Kipepeo_Dart:
Kwa mchezo wenye michoro mizito ningekubaliana nawe. Kwa fomu, orodha na jumla za hesabu, Flutter inatosha na kubaki. Aanze na Android, siku akipata Mac asiandike upya kila kitu.

Mwanagenzi:
Nimewaelewa. Flutter, natoa Android kwanza. Kuna kikwazo kingine nisichokijua?

FundiKodi:
Kipo. Akaunti mpya ya mtu binafsi kwenye Google Play lazima kwanza ipate wajaribu watakaokaa na programu siku 14 mfululizo. Sharti lilipokuja 2023 walitakiwa watu 20, sasa ni 12. Anza kuwatafuta kabla hujamaliza kuandika.

Bi_Kumbukumbu:
Niandike mimi kwenye orodha ya wajaribu. Nina simu kuukuu ya Android, ile ile inayoua kazi za chinichini.