Mchuzi wa Kihindi bila samli wala mtindi

Mama Pili: Wapendwa, mwanangu ameacha nyama na maziwa. Nataka kumpikia viazi, koliflawa na njegere kwa mchuzi mzito. Mtindi niubadilishe na nini?

Bi Bizari: Tui zito la nazi, dada, Wahindi wa kusini hupika hivyo. Au loweka korosho mbichi, usage laini. Lakini ladha iko kwenye kitunguu! Chemsha mafuta, tia uzile (bizari nyembamba) utatarike, kisha kitunguu, kaanga taratibu hadi kiwe kahawia. Tangawizi, saumu, manjano, giligilani, nyanya. Koroga mpaka mafuta yajitenge. Viazi vitangulie, koliflawa baadaye isirojeke.

Mjomba Jiko: Mvuje, ule utomvu mkavu wenye harufu kali, kidogo sana kwenye mafuta, usiache.

Mama Pili: Asanteni. Garam masala, ule mchanganyiko wa viungo vya kusaga, niutie lini?

Bi Bizari: Ukikaribia kuepua, kisha funika.