Super VC10: seti ya resini au ya plastiki?

MkiaJuu: Wakuu, nimebakiza chaguo kati ya seti mbili za kuunda modeli ya ndege ileile, moja ya resini (ile ya kumiminwa kwenye kalibu ikaganda), nyingine ya plastiki. Naagiza wiki hii. Nichukue ipi?

FundiMsasa: Ndege gani? Skeli gani? Resini umeshawahi kuigusa? Tukujibu vipi bila hayo?

MkiaJuu: Super VC10, ile ndege ya abiria, 1/144, yaani ndogo mara 144 kuliko ya kweli. Plastiki nimejenga kadhaa, resini bado.

Rubani144: Basi chukua plastiki ya kampuni ya Roden. Gundi yake huyeyusha kingo zikashikana moja kwa moja. Resini haiyeyuki, utategemea supagluu au epoksi. Na kumbuka injini zote 4 ziko mkiani, bila uzito puani modeli itakalia mkia. Bodi ya plastiki ina uwazi, unapachika madini ya risasi, yale mazito, kabla ya kuifunga. Ya resini ikiwa imejaa, uzito utauweka wapi?

Kalibu: Unatoboa upande wa chini, shida iko wapi? Bodi ya resini ikitoka kipande kimoja, huna mshono mgongoni wa kujaza pati na kupiga msasa. Kwenye ndege ya abiria mgongo ndio unaotazamwa.

Waya_wa_Shaba: Kipande kimoja, sawa, lakini mabawa? Seti moja ya resini ilinifikia bawa limepinda kama upinde. Nikalitia maji ya moto, likanyooka, nikapaka andakoti, rangi ya kwanza ya chini. Msasa wa pili ukafumua vitundu vya hewa ukingo mzima wa mbele. Nikaziba kimoja kimoja kwa ncha ya sindano. Modeli imekaa kabatini hadi msimu wa joto, bawa likaanza kulegea tena! Ikabidi nilitoe, nitoboe shinani, nipitishe waya wa shaba hadi ndani ya bodi. Muuzaji hakujibu hata barua moja.

FundiMsasa: Barakoa ulivaa? Vumbi la resini si la kuvuta. Piga msasa wa maji, na uoshe vipande kwa sabuni kwanza, mafuta yanayopakwa kalibu ili kipande kitoke yakibaki, rangi itabanduka.

Rubani144: Madirisha je? Mimi ni dekali tu, zile picha nyembamba za kubandika.

Kalibu: Dekali kwenye vioo vya rubani? Hapana! Vinaonekana bapa.

Rubani144: Kwa 1/144? Modeli nzima ni kama sentimita 36, kioo kina ukubwa gani?

MkiaJuu: Sijaagiza. Nani ana picha ya pua ya resini kando ya ile ya Roden? Iwe ya ubavuni.