Je, mbinu za kujiokoa tunazoziona katika filamu za tetemeko na tsunami zina ukweli?

Mkaazi wa Pwani:
Ndugu zangu, salaam. Juma lililopita nilitazama filamu ya San Andreas ya mwaka 2015 pamoja na wanangu. Baada ya tetemeko kuibomoa California, shujaa anaielekeza boti yake kwenye wimbi linaloijia San Francisco, analipanda hadi kileleni na kushukia upande wa pili akiwa salama. Mwanangu, ambaye babu yake ni mvuvi hapa Tanga, aliniuliza kama babu naye angeweza kufanya hivyo kwa mashua yake, nami sikuwa na jibu. Naomba wenye elimu wanisaidie.

Mwalimu wa Jiografia:
Ndugu, mwanao ameuliza swali zuri, na jibu lake si hapana tupu. Tarehe 11 Machi 2011, baada ya tetemeko kubwa karibu na pwani ya kaskazini-mashariki ya Japani, meli ya walinzi wa pwani iitwayo Matsushima ilikutana na tsunami ikiwa baharini, ikalikabili wimbi kwa omo, yaani sehemu yake ya mbele, na kulivuka. Penye kina kirefu tsunami huenda kasi ya kama kilomita 700 kwa saa, lakini haiinuki sana. Huinuka ikikaribia ufuo, kwa kuwa maji ya mbele hupunguza mwendo huku ya nyuma yakizidi kusukuma. Kwa hiyo aliyekwisha kufika mbali baharini abaki huko huko, na aliye nchi kavu asikimbilie mashua, bali akimbilie mwinuko.

Kosa la filamu hiyo liko kwenye chanzo. Katika ufa wa San Andreas mabamba mawili ya ardhi husuguana ubavu kwa ubavu, na sehemu kubwa ya ufa huo iko nchi kavu, hivyo hauwezi kuinyanyua sakafu ya bahari na kuzaa wimbi kubwa kiasi kile. Katika tetemeko la kisiwa cha Sumatra, Indonesia, tarehe 26 Desemba 2004, bamba moja lilikuwa likijipenyeza chini ya jingine, na lile la juu lilipofyatuka liliinyanyua sakafu pamoja na maji yote yaliyokuwa juu yake.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba filamu nyingi huonyesha ukuta mmoja wa maji safi, kana kwamba mtu ana muda wa kusimama na kuutazama. Maji halisi ni meusi, yamebeba magari, magogo na mabati, na wimbi la pili au la tatu linaweza kulizidi la kwanza na kuwakuta waliorudi kutafuta jamaa zao. Katika kisiwa cha Simeulue, karibu kabisa na kitovu cha tetemeko la 2004, wazee walikuwa wamehifadhi katika nyimbo na hadithi kumbukumbu ya tsunami ya mwaka 1907, waliyoiita smong. Ardhi ilipotikisika watu walipanda vilimani bila kungoja amri ya yeyote, na kati ya wakazi wapatao 78,000 walikufa 7 tu.

Mwana wa Kagera:
Naomba niongeze habari za nchi kavu, kwa kuwa nilikuwa Bukoba alasiri ya Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko lilipoua watu 17 katika mkoa wetu. Sikuona ardhi ikipasuka na kummeza mtu, kama filamu zinavyopenda kuonyesha. Majeruhi wote niliowasaidia waliangukiwa na kuta. Nyumba ya jirani yangu ilikuwa ya matofali yaliyoungwa kwa udongo, bila lenta (mkanda wa zege unaofunga kuta), na ukuta wake wa mbele ulianguka kwa nje, pale pale ambapo mtu anayetoka mbio angepita. Ushauri wa kuinama, kuingia chini ya meza imara na kuishikilia unafaa sana katika jengo lililojengwa vizuri. Katika nyumba dhaifu isiyo ya ghorofa, aliye karibu na mlango atoke upesi hadi uwanjani, mbali na ukuta, na aliye ndani zaidi ajikinge kichwa na shingo.

Mkaazi wa Pwani:
Nawashukuru nyote. Lakini, Mwalimu, mwaka 2004 hapa Tanga hatukuhisi mtikisiko wowote. Alama waliyoitegemea watu wa Simeulue itatufaa nini sisi?

Mwalimu wa Jiografia:
Hapo ndipo penye uzito. Mawimbi yale yalisafiri saa kadhaa kabla ya kufika kwetu, na bado yaliua karibu watu 300 nchini Somalia, hasa katika mji wa Hafun, wengine zaidi ya kumi Tanzania, na mmoja Kenya. Sisi tumebakiwa na alama mbili. Ya kwanza ni tahadhari: mfumo wa Bahari ya Hindi ulianzishwa baada ya msiba huo, na kwa Tanzania taarifa zake hupokelewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa. Ya pili ni bahari yenyewe, ambayo inaweza kujaa ghafla au kupwa kwa wakati usio wake, na katika hili babu wa mwanao anatuzidi sote, kwa sababu mvuvi huzijua siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, na saa ambayo maji yanapaswa kutoka. Akiona miamba imebaki wazi saa ambayo ingepaswa kufunikwa, asiwaache watoto waende kuokota samaki. Awaite wote waondoke ufuoni wapande juu, na wasirudi hadi watakapoarifiwa kwamba hatari imekwisha.