Wafanyakazi wa chuo kikuu: ni nini hasa kinachojenga tabia ya usafi na afya?

Mhadhiri:
Ndugu wanajukwaa, salaam. Sote chuoni tunajua kwamba mikono huoshwa kwa sabuni kabla ya kula na baada ya kutoka msalani. Hata hivyo, jana nilimwona mwenzangu akitoka darasani na vumbi la chaki vidoleni, akafungua chakula chake juu ya rundo la mitihani na kuanza kula huku akisahihisha. Nami hufanya hivyohivyo. Ikiwa elimu tunayo, tabia hizi hutokana na nini?

Muuguzi wa zahanati ya chuo:
Mwalimu, kujua na kutenda ni mambo mawili. Mwaka 1847, daktari Ignaz Semmelweis aliwaagiza madaktari wa wodi ya wazazi huko Vienna, Austria, waoshe mikono kwa maji ya klorini. Vifo vya wazazi vikapungua sana, na bado wasomi wenzake wengi wakampinga, kwa kuwa mazoea ya kazi yana nguvu kuliko hoja. Kwa niliyoyaona, kinachoamua zaidi ni umbali wa bomba. Penye sinki karibu na mlango wa chumba cha kulia, na sabuni isiyokosekana, watu hunawa bila kuhimizwa. Sinki likiwa ghorofa ya chini, bango halisaidii kitu. Tena kuna suala la ratiba. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa wahudumu wa afya hutaja sekunde 40 hadi 60 za kunawa kwa maji na sabuni, lakini mhadhiri ambaye kipindi chake kinaishia palepale kingine kinapoanzia, katika jengo jingine, hata hizo hana.

Karani wa masjala:
Naafiki, na mazoezi ni vivyo hivyo. Tunashauriwa angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, ilhali sisi hukaa kitini tangu asubuhi hadi jioni. Mkuu wetu wa zamani alipokuwa akiinuka kwenda kunyoosha miguu, nasi tuliinuka. Alipohama, hakuna aliyethubutu tena kuonekana ameacha meza yake.

Msimamizi wa wafanya usafi:
Samahani, Mwalimu, wafanyakazi wa chuo si wahadhiri na makarani pekee. Wenzangu husafisha vyoo vyenu, na glavu zikiisha huendelea kwa mikono mitupu, kisha hawana pa kuoga wala pa kubadilishia nguo kabla ya kurudi kwa watoto wao. Wanaujua usafi kuliko mtu yeyote hapo chuoni, ila vifaa ndivyo hawana.

Mhadhiri:
Nimekuelewa, na nakiri kwamba swali langu halikuwagusa kabisa. Kwenye kikao kijacho cha idara nitaomba sinki la ghorofa yetu, sabuni ya kudumu, na nafasi ya dakika 15 kati ya vipindi. Hoja ya glavu na bafu nitaitanguliza.